Mama Kimya na Gari la Mkwewe

Mama Kimya, fundi wa magari, binti wa yule mzee aliyezunguka mtaa kwa mtaa na bisibisi akifufua cherehani zilizokwisha kutupwa, mjukuu wa bibi aliyeendesha mashine ya kusaga unga wanaume walipozikimbia kelele zake. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitengeneza gari la taka lililokufa katikati ya barabara, magari yakimpigia honi mgongoni, na hakugeuka hata mara moja kuwatazama wenye honi. Ndiye aliyeacha kazi gereji kubwa siku alipoambiwa awachemshie mafundi chai, akafungua gereji yake ng'ambo ya pili, na mafundi walewale wakawa wanavuka barabara kumfuata na maswali. Ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Nayaweka haya mbele kabisa ili mtu asimjue kwa maneno ya Mwenyekiti.

Huyo Mwenyekiti ni mkubwa wa madereva wa teksi wa kituo chetu. Miaka yote teksi za kituo hicho zimetibiwa na wifi yangu. Wifi alipewa jina la Kimya kwa sababu ya kazi yake: ana kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ncha moja anaitia sikioni, ncha nyingine anaitembeza juu ya injini inayonguruma kama daktari anavyotembeza chombo chake kifuani. Akianza hapo, anapiga ukelele mmoja, "Kimya!" Redio inazimwa, wanaobishana mpira wanameza maneno, na mimi mwenyewe, ambaye si mtu wa kunyamazishwa, nanyamaza.

Sasa sikilizeni uonevu.

Mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, ni dereva wa teksi hapohapo kituoni. Gari lake likaanza ugonjwa. Asubuhi likiwa baridi haliwaki ila kwa kubembelezwa, na likiwaka linatetemeka, linapiga misi, yaani injini inakosa pigo moja katikati ya mapigo, kisha linazimika. Abiria wa asubuhi wakamkimbia. Akabadilisha plagi, wapi. Akabadilisha pampu ya mafuta, wapi. Mwishowe akalipeleka kwa mama mkwe wake.

Wifi akafungua boneti, akapiga "Kimya!" yake, akasikiliza. Gari linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Akalizima, akaliwasha, likawaka mara moja.

"Mbona zima, baba?"

"Hata mimi nashangaa, mama. Labda limekuogopa."

Wakacheka. Kesho yake asubuhi likamzimikia njia panda na abiria ndani. Akalirudisha. Likawa zima tena. Akalirudisha tena, limeoshwa, linang'aa, zima kabisa! Wifi alikuwa anashinda ameinama kwenye ile injini mpaka kiuno kinamkatalia kunyooka.

Hapo ndipo Mwenyekiti akasimama kituoni, mbele ya madereva wote, nami nimekaa kwenye benchi nasubiri gari, akasema bila haya: "Jamani, kama ameshindwa gari la mkwewe mwenyewe, yetu atayaweza? Bibi wa watu masikio yamekwisha. Tumshukuru, tutafute gereji nyingine."

Nikasimama. "Wewe! Lile gari unaloringia lilikuja hapa likivutwa kwa kamba kama mbuzi. Nani aliliamsha?"

"Mama, usikasirike. Uzee ni wetu sote."

"Uzee ni wetu sote, lakini ujinga huo ni wako peke yako."

Wakacheka, ila kicheko hakikunifaa kitu, maana walikubaliana palepale kwamba kuanzia wiki inayofuata teksi zote zitakwenda kwingine. Bila teksi zile gereji ya wifi ni ua mtupu wenye madoa ya oili. Nilikwenda mbio kumweleza. Yeye akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akaniuliza jambo moja tu.

"Wifi, ukimwambia binti yangu akusimulie lile gari linavyolia, anasemaje?"

"Si umuulize mwenyewe?"

"Mimi akiniambia namkatiza. Kila mara nimemkatiza."

Basi tukaenda wote wawili. Binti ni fundi cherehani, ameurithi mkono wa babu yake. Chumba chake cha kushonea kimeshikana ukuta na pale gari linapolala. Akaacha kushona, akaniambia mimi, si mama yake: "Mkaza mjomba, likiwaka asubuhi linaruka mshono. Unajua cherehani ikiruka mshono? Tak-tak-tak, halafu pengo. Vikombe vinalia kabatini. Likishapata moto linashona vizuri, ndipo analipeleka kwa mama."

Wifi akainua kichwa. "Likishapata moto?"

"Si analizungusha kwanza mpaka kituo cha mafuta, anarudi, analiosha, ndiyo anakuja kwako."

Mkwe alikuwa mlangoni. Aligeuka kama mtu aliyesahau kitu nje.

"Njoo hapa, baba," wifi akamwita. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Kwa nini?"

Mwanamume mzima, akawa anachezea funguo. "Mama, ningewezaje kuingia kwako na gari linalokohoa na kutapika moshi mbele ya wateja wako? Wewe ni mama mkwe wangu. Niliona ni aibu."

Mimi ndiye niliyelipuka. "Aibu! Unampeleka mgonjwa kwa daktari umempaka poda! Mama yako anatukanwa kituoni kwa sababu ya adabu zako?"

"Sikujua watamtukana..."

"Wifi, mwache," Mama Kimya akasema. Lakini uso wake ulikuwa umekaza. "Leo nalala hapa. Na mtu asiliguse hilo gari mpaka niamke."

Mkwe akajitia kuhangaika kwamba nyumba ni ndogo, mama mkwe atalala wapi, shuka zenyewe. Nikamwambia atalala mahali ambapo angeniweka mimi, na mimi nitalala kwenye kiti, na akinyamaza nitalala vizuri zaidi.

Alfajiri, umande bado uko kwenye kioo, wifi aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akatikisa kichwa kuridhika. "Washa."

Gari likakohoa, likakataa, likakohoa tena, likashika kwa mtetemo hata kioo cha pembeni kikawa kinacheza. Vikombe vikalia ndani kama alivyosema binti. "Kimya!" wifi akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anasema kitu. Akatia mpira sikioni, akaanza kuutembeza. Akaupitisha huku, akaurudisha kule. Akasimama. Akaupitisha tena palepale. Nikamwona anafumba macho kwa nguvu, namna mtu anavyofanya anapotafuta jina la mtu aliyemjua.

Kisha akautoa sikioni, akampa binti yake.

Moyo wangu uliniuma. Haya, masikio yamepungua, nakubali. Ndiyo sababu ya mtu kutangazwa kituoni kama mzigo uliooza?

Binti akasikiliza, shingo kainamisha kama anavyoisikiliza cherehani. "Hapa, mama. Chini ya huu mkunjo. Kama mtu anayevuta chai ya moto kwa mdomo."

"Lete maji."

Wifi akadondosha maji polepole mahali pale. Papo hapo injini ikabadili sauti. Akalizima, akaingiza vidole chini ya mkunjo, akauchomoa mpira mwembamba wa hewa. Juu mzima, chini umepasuka mpasuko kama ukucha. Akatuonyesha: ukiwa baridi mpira umekakamaa na mpasuko uko wazi, injini inavuta hewa isiyotakiwa; maji yalipouziba kidogo ndipo sauti ikabadilika. Ukipata moto unalainika, mpasuko unajifunga. Kwa hiyo kila alipoletewa gari, ugonjwa ulikuwa umejificha, na mkwe ndiye aliyeuficha.

Walifunga mpira mpya. Usiku ule wifi akaamuru gari lilale kituoni, mahali pa wazi, na asubuhi madereva wote wakiwa wanapiga miswaki yao akamwambia mkwe aliwashe. Likawaka mara moja, likatulia. Kituo kizima kilinyamaza bila kuambiwa.

Mwenyekiti akaja amevaa tabasamu. "Aa, mama yetu! Kumbe masikio bado yapo."

"Yapo," wifi akasema. "Ila si haya yangu tena. Ni ya huyu." Akamshika binti yake begani. "Mimi najua pa kutafuta, yeye anasikia."

"Huyu mshona nguo?"

"Gari lako wewe linasumbuaje?"

"Asubuhi linapiga misi kidogo."

"Na hapa umelileta limeshapashwa moto?"

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Sijapata kuona viatu vikitazamwa vile.

Wifi akautoa ule mpira wa sikioni mkobani, akaukunja, akamwekea binti mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Lake lilale hapa baridi. Kesho utakuja wewe. Mkono juu ya boneti kwanza. Likiwa na joto, mfukuze hata akiwa nani. Na usipige kelele ya 'Kimya' kwa woga. Piga wakusikie."