Kuku Niliyempa Mungu

Juzi, nyumbani Mbeya, binti yangu alinionyesha picha kwenye kitabu chake cha historia: wakulima wa Ulaya ya zama za kati wakipeleka zaka kanisani, mmoja amekumbatia kuku. Hasira zangu za utotoni zikanipanda upya.

Kwetu Igowole, Jumapili ya mavuno, kanisa lilinuka maboga na masweta yaliyoloa ukungu. Mama alinilazimisha nimtoe kuku wangu mwekundu. Nilikubali kwa sababu niliamini Mungu atakuja kumchukua mwenyewe pale madhabahuni. Ibada ilipoisha, mzee wa kanisa akamtoa nje, akamning'iniza miguu juu, akaanza kumnadi. Jirani yetu Mama Tulizo akamnunua!

Kesho yake nilimsikia kuku wangu akitetea uani kwa jirani.

"Mama, si tulimpa Mungu?"

"Ndiyo, ameshampokea."

"Sasa mbona anatagia kwa Mama Tulizo?"

"Hebu niondokee hapa!"

Leo najua minada ile ndiyo iliyoezeka kanisa letu. Bado sijaridhika.

"Hawa wakulima hawakukasirika?" binti yangu aliuliza nilipomaliza kumsimulia. "Mbona huyu wa kuku anacheka?"

"Bado hajaingia kanisani," nilimjibu. "Mwulize akitoka."