Mtaro wa Baba Andati

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Baba Andati hupiga magoti kando ya mtaro wa maji moto na kuusugua kwa brashi ya waya. Yeye ni fundi wa boila katika kiwanda cha soksi pale Industrial Area. Boila hutema maji mtaroni, mvuke hupanda, na penye mvuke huota utelezi wa kijani. "Umeamka?" huuambia. "Hata mimi nimeamka." Kisha huanza kusugua.

Nafula, jirani yake wa ghorofa ya tano kule Kware, alikuwa na shahada ya jiolojia na bado alisalimia watu akitazama viatu vyao. Ijumaa angewasilisha mada yake chuoni; walikuwa wanne wakigombea nafasi moja ya utafiti. Mada yenyewe ilihusu zama za kale, vimondo vilipoigonga dunia hadi mwamba ukayeyuka. Maji yalipenya kwenye nyufa, yakabaki moto kwa maelfu ya miaka, na humo, mahali palipokuwa pameungua kila kitu, vijidudu vikapata makao. Picha alikuwa nazo tele. Alichokosa ni kitu hai cha kuweka chini ya darubini, maprofesa wajionee jinsi uhai unavyong'ang'ania maji moto.

Ndiyo maana Baba Andati alipoutaja utelezi wake ngazini, Nafula alisahau haya akaomba kuja kuuona.

"Njoo Jumatatu," alisema mzee, kifua mbele.

Jumatatu Nafula alifika na kikombe chenye kifuniko. Munyoki, mlinzi wa lango, alimpima kwa macho.

"Kumbe mgeni ni wewe? Mzee amefika saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani wakaguzi wanakuja."

Mtaro uling'aa kama sahani ya Krismasi. Baba Andati alisimama kando yake, ndani ya shati la kanisani.

"Karibu, mwanangu. Singekubali mgeni akute uchafu. Nimesugua, nikamwaga dawa, nikasugua tena. Hata brashi nimeichemsha."

Nafula alitazama mtaro, akatazama kikombe.

"Chota mvuke basi," Munyoki alimshauri.

"Kwani ulitaka uchafu wenyewe?" Uso wa mzee ulimshuka. "Mimi nilipoona kikombe nilijua ni cha chai. Nimekuwekea na mandazi."

Nafula alikuwa ameandika maswali kumi na mawili kwenye karatasi. Kumi na moja yalimyeyukia kichwani. Lililobaki aliviuliza viatu vya mzee.

"Baba Andati, tangu uanze kazi hapa, umewahi kuumaliza utelezi huu kabisa?"

Mzee alikuna kidevu, akainama kulitazama bomba pale linapotokea ukutani.

"Hapana. Miaka kumi na tisa, hata siku moja. Unajificha kwenye ufa ule, brashi haifiki. Nisipousugua, Alhamisi utaukuta hapa."