Njiwa wa Mama

Njiwa wamejaa kwenye dirisha la wadi hii ya hapa Kericho mjini, wanagombania makombo ya chapati, nami siwezi kuwatazama bila hasira. Ungenijua nikiwa mtoto ungeshangaa, maana nililelewa nao.

Mama alikuwa mchuma chai, baba fundi wa kiwanda, watu wa upande wa ziwa waliofuata kazi huku kwenye baridi. Nyumba za kampuni zilifanana zote, ila yetu ilikuwa na sanduku la mbao la chai lililopigiliwa chini ya paa, na ndani yake njiwa. Majirani walisema njiwa hawakai kwenye nyumba ya magomvi. Mama aliliamini neno hilo kuliko mahubiri ya Jumapili. Baba akirudi amelewa, mama alimgombeza kwa kunong'ona, kidole kikitikisika, macho yakiwa juu kwenye sanduku. Cha ajabu ni kwamba baba naye alijibu kwa kunong'ona. Sisi watoto tulijifunika blanketi tukicheka.

Jumamosi, kabla mvua ya alasiri haijaanza kupiga mabati, mama alipanda kwenye stuli na kukwangua kinyesi cha njiwa kilichokauka. Alikiponda kwa mpini wa jembe, vumbi likapaa, akakohoa kidogo, akajifuta uso kwa leso, kisha akakipeleka kwenye sukuma wiki. Jirani mmoja alikuja na maziwa, akaondoka na debe la mbolea hiyo. Jioni tulikula ile sukuma kwa omena na ugali wa moto, king'ora cha kiwanda kikilia kubadilisha zamu. Nakuambia kweli, sijaonja mboga kama zile tena.

Mama alipostaafu tulihamia shamba dogo karibu na Sosiot. Alihama na sanduku na njiwa wake, akaendelea kukwangua na kuponda, hata baada ya kisukari kumdhoofisha. Tulipomsihi apumzike, alituuliza kama tunataka kula sukuma za kununua.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Tukanunua dawa za malaria, tukaita watu wa kanisa waje kuomba, wiki zikapita. Tulipomfikisha hapa, daktari aliuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Huko nyumbani mnafuga njiwa?"

Akatueleza kwamba kuna kuvu inayoota kwenye kinyesi chao. Wengi huvuta vumbi lake wasidhurike, lakini mwili uliochoka hushindwa kuizuia, ikapanda hadi kwenye ubongo. Hakuapa kwamba ilitoka kwetu. Njiwa wako kila mahali, alisema, hata hapa mjini. Ila kukilowesha kile kinyesi kwanza na kujifunga kitambaa puani kungesaidia. Maji tulikuwa nayo tele.

Leo asubuhi daktari ametuambia tujiandae. Zile nyumba zilishabomolewa, chai inachumwa na mashine, baba tulimzika zamani. Aliyebaki na habari za siku zile ni mama, nazo zinamtoka. Nimeketi kando ya kitanda nikamsimulia ule ugomvi wa kunong'ona, nikitumaini atacheka. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni.

"Na mama yako, anaendelea aje?" akaniuliza.

Nikamwambia hajambo. Akasema nimsalimie.