Mchaichai wa Bi Masuda

Bi Masuda alirudi kutoka kliniki ya mtaa wa Oud Metha alikokwenda kuangaliwa magoti, akakuta bustani yote ya nyumba yake mtaani Al Warqa imefyekwa na kutandikwa zulia la nyasi za plastiki. Mwanawe Maan ndiye aliyeleta mafundi, eti mama apumzike. Mwezi wa Machi, kabla joto la jangwani halijaanza, ndio wakati wake wa kupalilia mrihani na kugawa mashina ya mchaichai, na kwa miaka thelathini hakuwahi kuukosa.

"Nani kamwambia mie nimechoka?" alisema peke yake. Akashusha mapazia yote akayafua kwa mkono, na mashine ya kufulia ipo. Akasugua masufuria yaliyokwisha kung'aa. Kila alipopita dirishani na kuuona ule ukijani usio na harufu, hasira ilimpanda upya.

Alasiri Maan akaja, akamiminiwa chai. Alipoionja, akakunja uso.

"Mama, mbona chai leo haina mchaichai?"

Bi Masuda akavuta mtoto wa meza, akatoa kisu cha nyama na kukiweka mbele yake.

"Upo pale pale ulipokuwa," akasema. "Anza kukata zulia lako."