Siku Niliposafisha Data za Wafuga Nyuki

Nichekeni tu, nimeyataka mwenyewe.

Chama chetu cha wafuga nyuki hapa Tabora kilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuvuta data za wanachama kutoka vijijini, kuzisafisha na kuzionyesha kwenye mkutano. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza. Nikaona watu wengi wameingizwa mara mbili: baba mmoja, kijiji kimoja, tarehe ya kuzaliwa ileile. Majina ya kwanza sikuyajali, maana kila karani huandika anavyotaka. Nikauamuru mfumo ubakize wa kwanza, wa pili umfute. Nikajiona fundi.

Siku ya mkutano nikawasha projekta kwa mbwembwe. Mzee mmoja wa kijiji cha Lusu akasimama.

"Mwanangu, pacha wangu Kulwa namwona pale ukutani. Mimi nimekufa lini?"

Nikaipitia orodha upya. Kwetu Unyamwezini pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na kina Doto wote wa chama nilikuwa nimewafuta. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanacheka.

Mwenyekiti, anayenipenda kama bintiye, akavua miwani.

"Hebu mwanangu, waambie wazee jina lako."

Nikasema kwa sauti ya panya: "Doto."