Mdhamini Mwenye Bati

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo. Mitumba ikaingia, vyama vikaingia, wanunuzi wa alizeti wakaja na malori yao kutoka huko wanakojua wenyewe, na redio ikatutangazia kwamba haki nazo zimeingia kwenye Katiba. Mtu akituhumiwa, ilisema redio, anahesabiwa hana hatia mpaka mahakama iseme vingine. Mume wangu alikuwa anakula ugali. Akasema hilo ni jambo jema. Nami nikaitikia, nikidhani hizo ni habari za watu wa mjini.

Sisi tulikaa kijijini, upande wa Iguguno, na mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti. Mashine yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja pale kijijini, aliyeanza na kiduka cha chumvi na sabuni, kisha soko huria likampenda kuliko lilivyotupenda sisi. Asubuhi moja wakati wa mavuno, mkanda wa mashine haukuonekana. Ule mkanda mnene wa mpira unaozungusha kila kitu. Tajiri hakupoteza muda kuuliza. Nani anaushika mkanda kila siku? Fundi. Basi nani kauiba? Fundi. Upelelezi ukaishia hapo hapo mlangoni.

Mgambo wakaja wakamfunga kamba. Mmoja wao nilimjua tangu anatambaa, na adabu yake alikuwa nayo, akaniamkia kabisa, "Shikamoo mama." Nikamwambia marahaba, na si redio imesema huyu hana hatia? Akanijibu kwa upole, "Ndiyo mama, hana hatia. Tunamfunga tu asije akakimbia."

Kituoni, askari akamwambia si lazima aseme lolote. Mume wangu ni mtu wa kutii, akanyamaza. Wakamzaba vibao kwa kuwaletea kiburi. Alipofungua mdomo kusema hakuiba, wakamwambia ala, kumbe unajua kubisha. Hayo alinisimulia mwenyewe baadaye, na hata yeye alishindwa kujizuia kucheka.

Mahakama yetu ya mwanzo ilikuwa chumba kimoja chenye kizimba cha mbao na benchi mbili. Hakimu akatamka kwamba dhamana ni haki ya kila mshtakiwa. Alilisema vizuri, kwa sauti ya kupendeza, mpaka wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akasema mshtakiwa alete mdhamini mwenye nyumba ya kudumu, na asipopatikana hadi Ijumaa, karandinga litampeleka mahabusu mjini.

Jirani yetu mmoja alipelekwa huko kwa mbuzi wa watu. Kesi ikapigwa tarehe, ikapigwa tarehe tena, upelelezi haujakamilika, mpaka walipochoka wenyewe wakamwachia kwamba hana kosa. Akarudi na kikohozi. Alikohoa msimu wote wa mvua na mtama wake tukauvuna sisi, yeye tumeshamzika. Na mume wangu kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani kwa vumbi la alizeti. Nilijua akipanda lile gari sitampata tena, na niliogopa, sioni aibu kusema.

Nikamchukua shemeji yangu, kaka yake mume wangu, mtu mwenye ng'ombe wa kujaza zizi na kubaki. Karani wa mahakama akamwambia, "Mzee, ng'ombe wanatembea. Sisi tunataka mali isiyotembea."

"Nina nyumba," shemeji akasema.

"Ya bati?"

"Ya tembe."

Karani akaweka kalamu chini. Tembe, kwa asiyezijua, ni nyumba zetu za paa bapa la miti na udongo. Ile ya shemeji alizaliwa ndani yake, na baba yake naye alizaliwa humo humo. Lakini karani akatueleza kwamba hiyo si nyumba ya kudumu, kwa kuwa mvua ikinyesha dhamana yote inayeyuka. Alitufundisha hayo akiwa amekunja uso, maana bati la mahakama lilikuwa na tundu na jua lilimpiga usoni.

Basi nikarudi kijijini kutafuta bati. Nilitembea nimeinua shingo, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Shule ilikuwa na bati, lakini shule ni ya serikali na serikali ndiyo inayoshtaki. Kanisa lilikuwa na bati, mchungaji akasema angependa sana, ila bati lile ni la Bwana. Msikiti ulikuwa wa tembe kama sisi. Ikabaki nyumba moja tu, inametameta pale barabarani, nayo ni ya tajiri wa mashine.

Unacheka? Mimi sikucheka. Nilikwenda nimefura kwa hasira, lakini nikapiga goti nikamwamkia, maana shikamoo haiulizi nani kamfunga mume wa nani.

"Marahaba, shemeji. Karibu."

"Nimekuja umdhamini mume wangu."

Akatoa macho. "Mimi? Mimi si ndiye niliyemshtaki?"

"Ndiye wewe. Kijiji kizima mahakama inakuamini wewe tu."

"Shemeji, yule ni mwizi wangu."

"Basi kama ni wako, nenda kamchukue. Au unasubiri huyo fundi wako wa Kiomboi akumalizie mashine?"

Hapo nilimgusa pabaya. Alikuwa amenunua mkanda mpya, akaleta fundi kutoka Kiomboi, naye akafunga, akafungua, akafunga tena, mashine ikawa inatoa moshi badala ya mafuta. Magunia ya alizeti ya watu yalijaa uani, na wenye magunia walishaanza kumtukana kwa Kinyiramba, lugha inayotukana vizuri. Tajiri akavaa koti lake. Ijumaa asubuhi tulikuwa mahakamani.

"Una uhusiano gani na mshtakiwa?" karani akamwuliza.

"Mimi ni mlalamikaji."

Karani akafikiri kidogo. "Una bati?"

"Ninalo."

Akaandika. Karandinga likaondoka bila mume wangu, na mimi nililia mbele za watu kama mtoto.

Toka siku hiyo mume wangu alikuwa na vyeo viwili. Kijijini ni fundi, anakabidhiwa funguo za stoo na tajiri mwenyewe. Siku ya tarehe ni mwizi, anasimama kizimbani, na tajiri anasimama mara mbili, kwanza kama mdhamini kusema mtu wangu yupo, halafu kama mlalamikaji kusema mtu huyu ni hatari. Walikwenda pamoja kwa baiskeli ya tajiri, na anayekanyaga pedali ni mshtakiwa.

Siku moja mke wa tajiri alikuwa anatafuta kuku wake anayetaga ovyo. Akamkuta nyuma ya magunia ya mashudu, ameatamia katikati ya mkanda. Mkanda wenyewe, ule ule, umeviringishwa vizuri, pale tajiri alipousukumia wakati anahamisha magunia. Mama wa watu akapiga kelele, kijiji kikajaa, na tajiri akaenda mbio kituoni kusema yamekwisha.

"Umepatikana?" askari akamwuliza. "Safi sana. Sasa tuna kidhibiti." Wakauchukua mkanda. Wakauchukua na ule mpya uliokuwa kwenye mashine, ili mahakama iweze kulinganisha. Mashine ikalala tena, na nitasema kweli, siku hiyo nililala vizuri.

Tarehe iliyofuata tajiri akaomba kuondoa shitaka. Hakimu akamwuliza kwa nini.

"Nimemsamehe, mheshimiwa."

"Amemsamehe nini?" nikasema kwa sauti, na askari akaniamuru nikae.

Hakimu akasema shitaka limeondolewa, mshtakiwa yuko huru, aende nyumbani. Mimi nikashika kanga yangu tuondoke. Mume wangu hakutoka kizimbani.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Kwa hiyo mahakama imesema sikuiba?"

Hakimu akamtazama. "Mahakama haijasema hivyo. Imesema uende nyumbani."

"Basi naomba iseme."

"Kesi haipo tena, baba. Pasipo kesi, mahakama haina la kusema."

"Basi naomba kesi irudi."

Watu wakaangua kicheko, na askari akasema asipotoka atamfungulia kesi nyingine, ya kudharau mahakama. Nikakimbilia kizimba, nikamvuta shati, nikamwambia baba watoto, twende, tumeshinda. Hakunitazama. Alikuwa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili, akaniambia polepole, "Wewe tangulia. Mimi bado sijasikia."

Nikaachia shati lake. Nikarudi kwenye benchi, nikakaa, nami nikamtazama hakimu.