Uwanja Wenye Lango Moja

Pale Merigi palikuwa na uwanja wa nyasi katikati ya maduka, kama ekari moja na nusu. Siku ya soko ng'ombe walipumzika hapo, Jumapili wanakwaya walifanya mazoezi hapo, na wagomvi walipatanishwa hapo. Hakuna aliyejua ulianza lini kuwa wa wote, na hakuna aliyeuliza.

Baada ya Uhuru maduka yakaanza kuusogelea. Leo mtu anachimba choo nyuma ya duka, kesho anasukuma ua hatua mbili, keshokutwa anajenga stoo ya mahindi. Haba na haba hujaza kibaba. Wanaume walilijadili jambo hilo kila Jumamosi, wakakubaliana kwamba ni baya, kisha wakaenda nyumbani kunywa chai.

Tecla Chepyegon hakuwa mtu wa mikutano. Alikuwa mjane, muuza maziwa, na nyumba yake ilitazamana na uwanja. Mwaka 1966 aliotesha miche ya kayaba, ule mti wa miiba usiopenywa hata na mbuzi, akaupanda kuuzunguka uwanja wote. Miaka mitatu alichota maji mtoni kuinywesha. Lango aliacha moja tu, mbele ya mlango wake, kwa kuwa huko ndiko ndoo zilikotokea. Ua ukakua, maduka yakakoma kusogea. Watu na ng'ombe wakawa wanapitia kwake kuingia uwanjani, wakimsalimu, naye akiwakaripia kwa kumkanyagia mboga. Ilikuwa miaka ya furaha kwake.

Mwaka 1970 wakaja wapimaji wa mashamba. Afisa wao aliuzunguka ua, akaona lango moja linalotazama nyumba moja, akaandika alichoona. Ramani ilipobandikwa ofisini kwa chifu, uwanja wa Merigi ulikuwa mali ya Tecla.

Nyambeki, rafiki yake Mkisii aliyeuza ndizi upande wa pili, alimnyima salamu juma zima. Mwishowe akashindwa kunyamaza.

"Mama Kipkemoi, kumbe wewe ni mjanja hivi! Tulifikiri unatufungia wezi inje, kumbe mwizi ako ndani."

Maneno hayo yalimchoma Tecla hata chakula kikamshinda. Naye mwanawe Kipkemoi, karani wa shamba la chai kule Kericho, akaja nyumbani akicheka.

"Mama, Mungu amekujibu. Tupande majani chai! Hii shamba yetu ya nyumbani hata kuku haitoshi."

Hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Kila usiku Tecla alikuwa amemwombea mwanawe ardhi. Siku mbili alikaa mlangoni akiutazama uwanja, na tusimpambe: tamaa ilimshika.

Siku ya tatu alichukua panga. Akakata lango mbele ya duka la Nyambeki, jingine kwenye njia ya kanisa, jingine penye posho mill, kile kinu cha kusaga unga, hadi yakafika saba. Kisha akachimba mashimo katika lango lake mwenyewe, akapanda humo miche ya kayaba na kuliziba. Jioni hiyo akaenda kwa chifu, walikoketi yule afisa na wazee wa kamati ya ardhi, kuweka pingamizi.

"Unapinga nani?" afisa akauliza.

"Huyu Tecla Chepyegon."

"Si ni wewe?"

"Ni mimi. Ananyang'anya watu uwanja."

Wazee wa kamati walicheka hadi machozi. Lakini kesho yake afisa alifika, akahesabu malango, akasimama mbele ya ile miche michanga.

"Na lango yako ni gani, mama?"

"Sina."

Afisa akalifuta jina lake, akaandika uwanja wa umma. Kipkemoi hakuongea na mamake hadi Krismasi. Nyambeki alileta mkungu wa ndizi, akauweka jikoni, akaketi bila kuomba msamaha, na Tecla akampa chai.

Kufikia 1978 Merigi ilikuwa na maduka kila upande, na uwanja bado ulikuwa pale. Kila mtu aliingia kwa lango lililo karibu naye. Ila Tecla, aliyekaa hatua kumi tu kutoka kwenye nyasi, alizunguka hadi posho mill kwa goti lake bovu.

"Si ukate kashimo kadogo tu hapo kwako?" Nyambeki alimwambia siku moja. "Nani atasema?"

"Nitasema mimi," Tecla akajibu, akaendelea kuzunguka.